UZI: Tumbo la mtoto limejaa na wanasema ni minyoo, bandama au maji? Someni kuhusu vifuko vya limfu tumboni

#1 · Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili la afya kwa miaka mingi bila kuandika neno, na leo ninaandika kwa sababu miezi kumi na minne iliyopita nililitafuta jambo hili kwa Kiswahili usiku kucha nikalikosa. Binti yetu, ambaye sasa anakaribia miaka minne, alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka miwili na nusu, na tumboni mwake kikatolewa kifuko chenye vyumba vingi kilichobeba zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Karatasi ya kwanza ya hospitali iliandikwa "limfanjioma". Baadaye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alilikata jina hilo kwa kalamu, akaeleza kwamba limeundwa kama majina ya uvimbe unaoota na kukua kwa chembe zake, ilhali hili ni kosa la maumbile: mishipa ya limfu, yaani ile inayokusanya maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kuyarudisha, ilijengeka vibaya mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, ikabaki vifuko visivyo na njia ya kutokea. Saratani haimo katika habari hii.

Mambo yalianza hivi. Mke wangu aliona kwamba mpira wa chupi unamwachia mtoto alama nyekundu kiunoni, ilhali mapaja yalikuwa yale yale membamba. Gauni lilimtosha mabegani, likambana tumboni. Kliniki tulisifiwa, maana mstari kwenye kadi ulikuwa unapanda kuliko wa watoto wenzake, na muuguzi akamwambia mke wangu asibadilishe uji anaompa. Hakuna aliyejua kwamba kilichokuwa kikipanda kwenye mizani ni maji.

Mama mkwe alisema ni chango. Zahanati walisema ni minyoo, akapewa dawa mara mbili kwa miezi miwili. Kituo cha afya walipima malaria, hawakuiona, wakasema huenda ni bandama iliyobaki kutokana na malaria za zamani. Siwalaumu sana hao, kwa sababu katika watoto mia wenye matumbo makubwa katika maeneo yetu, huenda watu hao wangekuwa sahihi kwa karibu wote. Ninachokilaumu ni kilichotokea katika kituo cha nne, ambacho sitakitaja. Daktari aligonga tumbo kwa vidole, akasikia mlio wa maji, akachoma sindano bila kipimo chochote cha picha, akatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayojaa bakuli dogo. Tumbo likapungua, tukashukuru, tukarudi nyumbani. Siku ya kumi na moja mtoto aliamka na homa kali, tumbo limekuwa gumu kama ngoma na kubwa kuliko lilivyokuwa, na hakutaka kuguswa.

Ndiyo maana ninaandika. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto ana maji tumboni, aulize swali moja kabla ya kukubali sindano: je, maji hayo yamezagaa huru kati ya matumbo, au yamefungwa ndani ya kifuko? Swali hilo linajibiwa na altrasaundi ya kawaida kwa dakika chache, na majibu yake mawili yanaelekeza kwenye tiba mbili zisizofanana hata kidogo.

Nimeeleza kwa lugha ya mzazi. Wataalamu waliomo humu naomba wanisahihishe.

#2 · Mpimaji

Mkuu, pole kwa mliyopitia. Mimi ni mpiga altrasaundi, mwaka wa kumi na sita sasa katika hospitali ya mkoa, na kesi za namna hii nimeziona nne tu, kwa hiyo usishangae kwamba wenzetu wa zahanati hawakuziwazia. Vitabu hutaja kwamba kasoro za mishipa ya limfu kwa jumla humpata takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, ila nyingi hukaa shingoni, kichwani na kwapani, mahali ambapo mama huona siku ile ile ya kuzaliwa. Zinazokaa tumboni hazifiki hata asilimia 5 ya zote, na hujificha mpaka zikue.

Swali lako ndilo swali lenyewe, na ngoja nieleze namna tunavyolijibu. Maji huru huhama. Nikimlaza mtoto kwa ubavu wa kulia, maji huteremka upande wa kulia na matumbo huelea juu yake kama majani juu ya mtaro. Maji yaliyofungwa hayahami. Huyasukuma matumbo yote kwenye kona moja, mara nyingi nyuma au pembeni, na ndani yake huonekana kuta nyembamba zinazogawa vyumba mfano wa sega la nyuki. Kitu cha pili ni kuangalia mahali ambapo maji huru hupenda kukaa kwanza, yaani ule mfereji mdogo kati ya ini na figo ya kulia, na chini nyuma ya kibofu. Tumbo likiwa limejaa maji hadi kifuani na mfereji ule ni mkavu, mimi husimama, nikarudia kipimo tangu mwanzo. Kesi yangu ya kwanza niliikosea hapo hapo: niliandika "maji mengi tumboni" na kumpeleka mtoto kwa watu wa moyo na figo, kwa sababu kifuko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba sikuziona kingo zake.

Iwapo ndani ya vyumba kuna kitu kama vumbi linaloelea, huwa ni damu iliyovuja humo au usaha. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa binti yako baada ya ile sindano.

Kuna sababu nyingine ya kutochoma sindano gizani, na hii wenzetu wa kaskazini mwa Kenya wanaijua. Kule Turkana kifuko cha maji tumboni kinaweza kuwa cha tegu ya mbwa, na kikitobolewa ovyo maji yake yanaweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua, au kupanda mbegu nyingine tumboni. Kwa msichana mwenye kifuko chini ya kitovu tutawaza pia kokwa, yaani ovari.

#3 · Mzee wa Pangani

Wajukuu, nimesoma. Sibishani na hospitali, ila naomba nisaidiwe kuelewa. Sisi tulikua tukiona watoto wenye matumbo haya wakichanjwa chale, wakinyweshwa dawa ya chango, na wengine walipona. Pili, huyu bwana amesema mtoto alizaliwa nayo. Je, ni kitu cha ukoo? Maana nyumbani kwetu maneno kama haya yanavunja ndoa.

#4 · Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Hata kwetu maneno yalianza. Shangazi mmoja alihesabu watu wa upande wa mke wangu waliokuwa na matumbo makubwa tangu enzi za babu yake, na mke wangu akawa analia jikoni. La ukoo nitawaachia wataalamu. La chale naweza kulisema: mtoto wa jirani yetu wa kitanda wodini alikuwa na safu tatu za chale juu ya kitovu, na mojawapo ilikuwa imetunga usaha juu ya kifuko kile kile. Mama yake alizifunika kwa kanga kila daktari alipopita, jambo ambalo lilinihuzunisha kuliko zile chale zenyewe, kwa sababu aliogopa kugombezwa akachelewa kuonyesha kidonda.

#5 · Daktari, masomoni upasuaji

Naandika kama daktari niliyemo mafunzoni, na nisichukuliwe kuwa nimempima mtoto wa mtu kupitia mtandao.

Mzee, jibu la swali lako ni kwamba si la ukoo, si la upande wa mama wala wa baba. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba katika vipande vingi vya kasoro hizi kuna badiliko katika jeni iitwayo PIK3CA, na badiliko hilo linapatikana ndani ya tishu iliyoharibika tu. Ukipima damu ya mtoto huyo huyo kwa kawaida hulioni. Maana yake lilitokea baada ya mimba kutungwa, katika chembe moja iliyokuwa ikigawanyika ili kujenga mishipa ya limfu. Mama hakula kitu, baba hakurithisha kitu, na ndugu zake wanaofuata hawana hatari zaidi ya watoto wengine. Na wale watoto waliopona kwa dawa ya chango, nadhani wengi wao walikuwa na gesi au minyoo, ambayo hupita.

Nieleze sasa kwa nini tumbo. Damu inapopita kwenye mishipa midogo huvuja maji kidogo, na mishipa ya limfu ndiyo inayoyakusanya na kuyarudisha. Ya utumbo ina kazi ya ziada, kwa kuwa hubeba mafuta ya chakula. Mwaka 1622 tabibu Gaspare Aselli huko Italia alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula na kuona nyuzi nyeupe zimetanda juu ya utando unaoshikilia utumbo. Akadhani ni neva, akakata mojawapo, likatoka tone kama maziwa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa ambayo mwanzisha uzi aliyaona kwenye bakuli ni hayo hayo, yaliyochanganyika na damu kidogo. Yakiwa meupe hivyo, mara nyingi kifuko kimekaa kwenye utando wa utumbo mwembamba. Kikikaa kwenye lile shuka la mafuta linalofunika matumbo kwa mbele, maji yake huwa mepesi ya rangi ya majani makavu.

Mahali kilipokaa ndiko kunakoamua upasuaji, na hili watu wengi hawaelezwi. Kilichokaa kwenye shuka la mafuta hutolewa pamoja na kipande cha shuka hilo, na utumbo hauguswi. Kilichokaa kwenye utando wa utumbo kimeng'ang'ania mishipa ile ile ya damu inayolisha utumbo, kwa hiyo mara nyingi haiwezekani kukitoa bila kukata kipande cha utumbo na kuunganisha ncha mbili. Kilichokaa nyuma kabisa, kikiwa kimezunguka mshipa mkuu wa damu, kongosho au figo, hicho ndicho kinachotunyima usingizi. Wakati mwingine hatukitoi chote, bali tunaacha ukuta uliogandamana na mshipa mkubwa kuliko kumuua mtoto kwa kutafuta ukamilifu. Kilichotolewa chote ni nadra kurudi. Kilichobakizwa hurudi mara nyingi zaidi, na mzazi anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu ile sindano, niseme wazi. Kutoa maji peke yake si tiba. Vyumba havina mlango baina yao, hivyo unapunguza kimoja na vingine vinabaki, na hicho ulichokitoboa hujaa tena kwa sababu ukuta wake bado uko hai. Kilichoongezeka ni njia ya vijidudu kuingia.

Dalili za kukimbilia hospitali usiku huo huo ni matapishi ya kijani, tumbo kukua ghafla kwa siku moja au mbili huku mtoto akipauka, na maumivu yanayomfanya ajikunje asitake kubebwa. La kwanza ndilo ninaloliogopa zaidi. Kifuko kizito kinachoning'inia kwenye utando hufanya kazi kama jiwe kwenye kamba, kinaweza kuuzungusha utumbo mwembamba ukajinyonga, na utumbo ulionyongwa una saa chache tu.

#6 · Mama wa Kisauni

Ahsante daktari. Nami nina yangu, ila yetu haikwenda hivyo. Nilipokuwa na mimba ya miezi sita, altrasaundi hapa Mombasa ilionyesha kifuko kwenye tumbo la mtoto mwenyewe. Nililia njia nzima hadi Nyali kwa sababu niliyempata kwanza aliniambia mtoto hataishi. Wa pili alipima kwa utulivu akasema kifuko ni kidogo, kina vyumba vitatu, mtoto anameza maji vizuri na hakuna uvimbe mwingine mwilini, kwa hiyo nitazaa kwa njia ya kawaida na tutafuatilia. Mwanangu ana miaka miwili. Kifuko kipo, kina upana wa kama ndimu, hakijakua. Kila miezi sita tunapima. Ndugu wananisukuma kikatolewe sasa hivi, na nikisoma uzi huu moyo unadunda. Je, ninakosea kusubiri?

#7 · Mwanzisha uzi

Dada, mimi ningekitoa kesho. Nasema kama baba aliyeona mtoto akiwa na homa ya nyuzi arobaini na tumbo la ngoma.

#8 · Daktari, masomoni upasuaji

Mkuu, ninaelewa unakozungumzia, lakini hapa sikubaliani nawe. Kifuko kidogo kisichokua, kisicho na dalili, kinachofuatiliwa kwa kipimo kila baada ya muda uliopangwa, kinaweza kusubiriwa, na vichache vimewahi kusinyaa vyenyewe. Upasuaji nao una bei yake: mishikamano ya utumbo inaweza kumrudisha mtoto hospitalini miaka kumi baadaye. Tofauti kati ya dada na wewe ni ukubwa, dalili na maambukizi. Dada, endelea na mpango wa daktari wako, mradi unazijua zile dalili tatu na unajua ni hospitali ipi yenye upasuaji wa watoto usiku. Hilo la pili ulifanyie uchunguzi sasa, mchana kweupe.

#9 · Mpimaji

Naongeza kidogo. Dada, omba kila mara wakuandikie vipimo vitatu vya kifuko, urefu, upana na kina, na uende nazo karatasi za nyuma. Nimeona mtoto aliyeambiwa kifuko kimekua maradufu, kumbe mpimaji mmoja aliandika urefu tu na mwingine akaandika upana.

#10 · Mwanzisha uzi

Nimekubali kusahihishwa, daktari. Niendelee na habari yetu, maana nimeulizwa pembeni na watu watatu.

Baada ya homa ile tulipewa rufaa. Kwa wasiojua, madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto hawapo katika kila mkoa wa Tanzania. Wapo Muhimbili, KCMC, Bugando na hospitali nyingine kubwa chache, na ni heri kuomba rufaa ya kwenda kwao moja kwa moja kuliko kuzungushwa. Mtoto alilazwa, akawekewa dripu ya dawa za vijidudu kwa siku tisa kwanza, kwa sababu bingwa alikataa kupasua tumbo lenye maambukizi mabichi. Akapigwa CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, yenye dawa ya mshipani. Niliuliza kwa nini si MRI, yaani picha ya sumaku, ambayo nilikuwa nimesoma kwamba haina mionzi na huonyesha maji vizuri zaidi. Akasema ni kweli, ila MRI ingemtaka mtoto alale kimya kwa muda mrefu chini ya dawa ya usingizi, na foleni yake ilikuwa ya wiki tatu. Awali walikuwa wamewaza pia saratani ya figo na ile ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala na ambayo bado ni ya kwanza kuwaziwa mtoto wa ukanda huu anapokuwa na uvimbe tumboni. Picha ilipoonyesha maji matupu yenye kuta nyembamba, waliyaondoa yote mawili.

Usiku wa kuamkia upasuaji bingwa aligeuza karatasi ya ridhaa akachora nyuma yake utumbo kama kipepeo cha kukunja cha kujipepea, vijiti vyake vikiwa mishipa ya damu, kisha akachora zabibu kati ya vijiti viwili. Akasema, "Nikizitoa zabibu hizi, vijiti hivi viwili havitabaki." Ndipo nilipoelewa kwa nini utumbo utakatwa. Walikata sentimita kumi na nane, wakaunganisha. Saa tatu na dakika ishirini ndani. Mpira wa pua ulikaa siku nne, siku ya tano akaruhusiwa kijiko cha maji, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa chapati, akanyimwa, akatununia wote hadi jioni. Siku ya tisa tuliruhusiwa.

Kipande kilipelekwa patholojia na majibu yakaja baada ya wiki tatu: mishipa ya limfu iliyopanuka, mafuta ya utando, hakuna chembe za saratani. Jambo hili lisiachwe hata kama bingwa ana uhakika kwa macho.

#11 · Mchangiaji kutoka Mbeya

Naomba kuuliza. Kaka yangu mwanawe anayo shingoni na anachomwa sindano za bleomaisini, na inanywea vizuri kabisa. Kwa nini wa tumboni wapasuliwe? Na kuna mtu ameniambia kuna vidonge.

#12 · Daktari, masomoni upasuaji

Swali zuri. Sindano za kukausha vifuko zinatumika tumboni pia, ila kwa masharti. Kwanza vifuko viwe vikubwa na vichache. Vile vidogo vidogo vilivyojaa kama mayai ya samaki havikubali, kwa sababu dawa haivifikii vyote. Pili, anayechoma awe anaona ncha ya sindano kwa altrasaundi na ahakikishe kwamba dawa haivuji nje, kwani dawa inayogandamanisha kuta za kifuko itagandamanisha matumbo vile vile ikimwagika katikati yake. Shingoni mvujo unaonekana, na hakuna utumbo wa kugandamana. Dawa zenyewe ni kadhaa. Bleomaisini ni dawa ya saratani iliyopatiwa kazi hii na Wajapani miaka ya 1970, na kwetu inapendwa kwa kuwa ipo na bei yake inavumilika. Kasoro yake ni kwamba inaweza kuacha makovu kwenye mapafu, hivyo jumla ya dozi alizowahi kupata mtoto lazima iandikwe na isivuke kiwango. Doksisaiklini, ile ile ya vidonge vya kawaida, hutumika pia. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kijapani Shuhei Ogita na wenzake walitangaza dawa ya tatu, OK-432, inayotengenezwa kwa bakteria wa koo waliouawa.

Vidonge ulivyosikia ni sirolimasi, na historia yake inapendeza kuisimulia. Bakteria anayeitengeneza alipatikana kwenye udongo uliochukuliwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki, dawa ikaruhusiwa Marekani mwaka 1999 kwa waliopandikizwa figo, ndipo baadaye ikaonekana kwamba inabana njia ile ile ya ukuaji inayochochewa na jeni niliyoitaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Cincinnati uliwahusisha wagonjwa 61 wenye kasoro ngumu za mishipa, na wengi wao walipata nafuu. Lakini nafuu hapo maana yake ni kusinyaa, kupungua kwa maumivu na kuvuja. Kwa wengi kifuko hakitoweki, na dawa ikisimamishwa kinaweza kurudi. Kwa hiyo tunaiwaza kwa kile kifuko cha nyuma kisichotoleka, au kilichosambaa tumboni kote, au mtoto anayepoteza protini kwenye choo hadi anavimba miguu. Inahitaji damu ipimwe mara kwa mara ili kujua kiwango cha dawa, huleta vidonda vya mdomo, na hushusha kinga. Mtoto anayeitumia asipewe chanjo za virusi hai, na hapa wazazi wa Tanzania wakumbuke kwamba chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 ni ya aina hiyo. Mwambie anayechanja kabla hajavunja kichupa.

#13 · Mzee wa Pangani

Daktari, Mola akuzidishie. Nimemsomea mke wangu yote haya kwa sauti. Ametaka niulize gharama.

#14 · Mwanzisha uzi

Mzee wangu, mtoto wa chini ya miaka mitano ana msamaha wa kisera katika vituo vya umma, na ulitusaidia kwenye kitanda, upasuaji wenyewe na dawa zilizokuwepo dirishani. Zilizokosekana tulinunua nje. Kilichotumaliza ni nauli, chakula cha anayeuguza, na mwezi mzima bila kufanya kazi. Waoneni maafisa ustawi wa jamii mapema, siku ya kwanza ya kulazwa ikiwezekana. Sisi tulifika kwao siku ya kumi na mbili tukiwa tumeshauza pikipiki.

#15 · Mama wa Kisauni

Mkuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Baada ya upasuaji alikula vizuri? Mnamfuatiliaje?

#16 · Mwanzisha uzi

Anakula kutushinda. Mwezi wa kwanza choo kilikuwa chepesi na mara nyingi, tukaambiwa ni kawaida kwa utumbo uliokatwa, kikatulia chenyewe. Altrasaundi ilifanyika baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, zote safi, na inayofuata ni mwakani.

Kitu kimoja mwambie muuguzi wa kliniki yako mapema, endapo itafika siku mwanao akapasuliwa. Binti yetu aliingia hospitali na kilo 13.1 akatoka na kilo 11.2. Tulipompeleka kliniki mwezi uliofuata, muuguzi yule yule aliyetusifu aliunganisha nukta mbili kwa rula, mstari ukaporomoka kama jiwe, akamtazama mke wangu kwa jicho kali na kuandika pembeni kwa wino mwekundu, "Mama ashauriwe kuhusu lishe." Mke wangu hakubishana. Alimfunua mtoto gauni, akamwonyesha kovu, na muuguzi akachukua kalamu tena, akaandika chini ya maneno yake mwenyewe: "Maji lita 1.6 yametolewa. Mstari uanzie hapa." Kadi hiyo tunayo.